Perez Adongo na Lori la Farasi

Ukiingia mtaa wa Jericho, Nairobi, kwa upande wa soko ukauliza anakoishi Perez Adongo, wengine watakukodolea macho tu. Uliza nyumba ya Mama Farasi, utapelekwa hadi mlangoni. Si kwamba ana farasi. Maisha yake yote hajawahi kumiliki mnyama mkubwa kuliko kuku. Alicho nacho ni lori, na kwa lori hilo amebeba farasi wa watu wengine, wale wa mashindano, wale wa polo, wale wa shule za kupandia, kutoka Karen hadi Nanyuki, Molo, Gilgil na kwingineko ambako watu wana mashamba ya kuwafugia.

Lori lenyewe hulala nje ya uwanja wa mpira, karibu na nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji. Mwanzoni majirani walilalamika kuhusu harufu. Kisha akina mama wenye vibustani vya sukuma wiki kando ya reli wakagundua kwamba Perez akirudi safari hufagia mbolea nzuri kabisa, na malalamiko yakageuka foleni ya ndoo.

Baba yake, mzee Okumu, alikuwa mtu wa reli. Mama yake alifariki Perez akiwa bado msichana mdogo wa shule ya msingi. Baba alikuwa wa kwenda na treni, leo Kisumu, kesho Mombasa, na mtoto hawezi kulelewa na ratiba ya treni. Aliyemchukua ni jirani wa mlango wa pili, Annah, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Jackie kwa jina la bintiye wa pekee, Jacklyne. Mama Jackie hakuitisha mkutano wala kumuuliza mtu. Jioni ya mazishi alimshika Perez mkono, akampakulia ugali sahani moja na Jacklyne, akawalaza kitanda kimoja. Ikawa hivyo mpaka wakawa wanawake. Walivaa sweta moja kwa zamu. Walichapwa pamoja, hata kosa likiwa la mmoja. Perez alimwita yule mama "Mama," bila jina la mtu mwingine nyuma yake.

Jacklyne alikuwa na mdomo mtamu na mwandiko mzuri. Alisomea mambo ya ofisi, akapata kazi Karen, kwenye shule ya kufundisha watu kupanda farasi ya bwana mmoja aliyeitwa Mbuthia. Perez alipenda usukani. Alijifunza kuendesha kwenye lori la mahindi la mjomba wake, akaendesha la mikate, halafu kwa mkopo wa chama cha akiba akanunua lake, kuukuu, lenye mlango wa abiria uliofungwa kwa waya. Akawa anabeba mitumba, kabeji na vitanda vya watu wanaohama.

Farasi walikuja kwa simu.

"Perez, sasa? Uko wapi?"

"Gikomba. Nashusha mzigo."

"Ukimaliza osha hilo gari, ulioshe vizuri, ukuje Karen. Gari letu limekufa na kuna mashindano."

"Nibebe nini?"

"We kuja tu. Nikikuambia hutakuja."

Alienda. Alipoona ni farasi alicheka mpaka akashikilia mlango. Lakini aliwabeba, wawili, mwendo wa maharusi, akichungulia kioo kila baada ya pumzi. Walifika bila mkwaruzo. Mwanamke mmoja aliyekuwa na farasi hapo uwanjani akamwomba amrudishie wake pia. Mwisho wa siku Jacklyne alimkumbatia mbele ya watu akasema, "Huyu ni dadangu." Perez aliyakumbuka maneno hayo kwa miaka.

Basi wakaanza. Jacklyne alitafuta wateja kupitia ofisi, Perez akaendesha. Fundi Nuradin wa Pumwani alilitengeneza lori upya: akaweka sakafu ya mpira isiyoteleza, akatoboa madirisha ya hewa juu, akatengeneza ukuta wa mbao wa kugawanya katikati ulioshikiliwa na pini ya chuma, na mlango wa nyuma unaoshuka hadi chini ukawa daraja la kupandia. "Nimeunda magari ya kila aina," alisema akifuta jasho, "lakini hili abiria wake wana adabu kuliko watu."

Adabu wanayo, ila pia wana hofu. Hilo Perez alifundishwa na Patrobas, mzee wa Ziwani ambaye ujana wake wote alikuwa saisi, mtunza farasi wa mashindano. Perez alimwajiri akae nyuma na wanyama safarini. Patrobas alimwambia kwamba gunia ukikata kona vibaya litaanguka tu, lakini farasi akianguka mara moja ndani ya gari atakumbuka mpaka afe, na siku nyingine atakuua wewe akijaribu kutoka. Kwa hiyo breki hukanyagwa kama unakanyaga yai. Matuta hupandwa polepole sana. Kamba ya kichwani hufungwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Na jambo kubwa kuliko yote: dereva aambiwe ukweli kuhusu mnyama. Kama hupiga mateke, aambiwe. Kama anaumwa tumbo, aambiwe. Anayebeba farasi anabeba pia neno la mwenye farasi, na lile neno likiwa la uongo, hakuna breki ya kulishika.

Kazi ilikuwa na hatari zake, lakini ilimpa Perez vitu ambavyo kabeji hazikumpa. Aliacha kupanga foleni usiku sokoni. Alijenga nyumba ndogo ya matofali huko kwao Busia. Alilipia Mama Jackie matibabu ya macho, akamletea miwani mwenyewe, akambandikia usoni, yule mama akacheka kwamba kumbe Perez ana vidoti usoni. Na kulikuwa na raha nyingine ambayo hakumwambia mtu isipokuwa Patrobas: ile dakika ya kufika, mlango unashuka, farasi anatoa kichwa, ananusa hewa ya mahali pageni, halafu anamtazama yeye, dereva, kabla ya kuweka kwato chini. Kana kwamba anamuuliza. Perez alikuwa akijibu kwa sauti, "Ni sawa. Shuka."

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, Mbuthia aliuza farasi wawili kwa mama mmoja wa Gilgil aliyeitwa Nthoki. Mmoja alikuwa mzee mpole, Kaisari, aliyekuwa akipelekwa kustaafu. Wa pili alikuwa jike jekundu linaloitwa Sahara. Jacklyne alieleza kwamba Sahara ni zawadi kwa binti wa Nthoki, msichana wa miaka minane, na kwamba Nthoki alikuja kumwona, akampenda kwa utulivu wake.

Perez alishangaa kidogo. Alishawahi kumwona Sahara pale Karen akirusha miguu kwa sababu tu mtu amefungua mwavuli. Lakini farasi hubadilika, na kazi ni kazi.

Asubuhi hiyo, Sahara alipanda lori kama mwana-kondoo. Kichwa kilining'inia. Mdomo wa chini ulilegea, na mguu mmoja wa nyuma ukaburutika kidogo darajani. Patrobas alikunja uso. Perez akamvuta Jacklyne kando, nyuma ya gari.

"Jackie, mbona yuko hivi? Mmempa dawa?"

"Dawa gani?"

"Ya kutuliza. Niambie tu. Kama amedungwa sindano, nisubiri iishe au nimpange tofauti. Nashuka mteremko wa Mai Mahiu na mzee wa watu yuko huko nyuma."

Jacklyne alimtazama machoni. Hapo ndipo Perez hurudi kila mara akikumbuka, kwamba alimtazama machoni bila kupepesa. "Ametulia siku hizi. Amezoea watu. Perez, kwa haki ya Mungu, nikuongopee wewe?"

Perez akafunga mlango, akaondoka.

Njia ya malori kwenda Naivasha hushuka ukingo wa bonde kwa kona zinazofuatana, ukuta wa mwamba upande mmoja na utupu upande wa pili. Perez alishuka kwa gia nzito. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, akasikia kwato moja ikigonga mbao. Halafu nyingine. Halafu lori zima likatikisika, na Patrobas akapiga kelele, si ya kuita bali ya maumivu.

Alitafuta nafasi pembeni, akaegesha, akaruka kuweka mawe kwenye magurudumu. Malori nyuma yake yalipiga honi. Aliingia kwa mlango mdogo wa ubavuni, na alichokiona hakukisahau. Sahara alikuwa ameamka. Macho yalionyesha weupe, povu limejaa mdomoni, na mguu wa mbele alikuwa ameurusha juu ya ule ukuta wa mbao, ukakwama hapo, ngozi imechanika. Patrobas alikuwa amebanwa kati ya ukuta na bodi ya gari, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Upande wa pili Kaisari mzee alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini amesimama.

"Usifungue mlango wa nyuma," Patrobas alisema kwa meno yaliyoumana. "Atatoka mbio kwa malori."

Perez alijua. Alivua sweta, akajipenyeza kandokando ya shingo ya yule jike, akamfunika macho kwa sweta huku akiongea, akiongea chochote, majina ya vituo vya reli ambavyo baba yake alikuwa akimwimbia akiwa mdogo, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud. Farasi alimsukuma kwenye bodi mpaka mbavu zikalia. Kwa mkono wa pili akaitafuta ile pini ya chuma, akaigonga kwa spana, ikakataa, akaigonga tena. Ilipochomoka ukuta ukaanguka, mguu ukawa huru, na Patrobas akateleza chini kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Dereva wa trela aliyesimama kuona kuna nini akasaidia kumtoa na kumlaza kwenye majani.

Perez alibaki ndani, ameshika kamba, paji lake la uso limeegemea shingo iliyolowa jasho, mpaka mnyama akapunguza kupumua. Ndipo akatoa simu akampigia Jacklyne. Alitaka daktari wa mifugo, na alitaka Mbuthia ajulishwe.

"Jackie, Sahara amevunja ukuta. Amechanganyikiwa kabisa, na Patrobas ameumia."

Upande ule Jacklyne akavuta pumzi.

"Imeisha mapema hivyo?" akasema.

Upepo wa bondeni ulikuwa unapiga bodi ya lori. Perez alidhani hakusikia vizuri. "Nini imeisha?"

Alisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Jackie. Nini imeisha?"

Simu ikakatwa.

Patrobas alipelekwa hospitali na yule dereva wa trela. Perez aliendesha hadi Gilgil peke yake, polepole mno, na farasi wawili nyuma bila mtu wa kuwaangalia. Huko shambani Nthoki hakuwepo, alikuwa safarini. Msimamizi wake alimwita daktari wa mifugo, kijana mmoja mtulivu anayeitwa Mbithi, akaushona ule mguu. Alipokuwa akimpapasa shingo kutafuta majeraha mengine, akasimama, akapanua manyoya kwa vidole.

"Huyu amedungwa leo. Nani alimdunga?"

"Si mimi," Perez alisema. "Wala sikuambiwa."

Mbithi alimtazama, akatikisa kichwa, akaendelea kupapasa.

Kabla hajafika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Wenye farasi wana kundi lao la simu, na Mbuthia alikuwa ameandika humo kwamba dereva wa Jericho alikimbiza gari mteremkoni, akamjeruhi mnyama wa thamani, na kwamba watu wajihadhari. Safari tatu zilizopangwa zikafutwa siku hiyohiyo. Wateja waliomwita "Perez wetu" wakamjibu kwa neno moja, au wasimjibu kabisa.

Alienda Karen. Mbuthia alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, akamwita Jacklyne aje kusimama pale ofisini.

"Bi. Jacklyne, wewe ndiye uliyesimamia upakiaji. Ulimwambia nini dereva?"

Jacklyne alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili. "Nilimwambia aende polepole," alisema. "Nilimwonya. Lakini Perez, tangu zamani, anapenda kukimbiza gari."

Perez hakupiga kelele. Baadaye alijiuliza kwa nini, na jibu alilopata ni kwamba ulimi ulikuwa mzito kama ule mdomo wa Sahara. Miaka yote alikuwa amesikia watu wakisema mengi juu yake, mwanamke gani anaendesha lori, mwanamke gani analala Molo kwenye kabini. Jacklyne ndiye aliyekuwa akiwajibu. Sasa sauti ileile, yenye maneno yaleyale matamu, ilikuwa inampaka matope, na ilikuwa imejua pa kupaka. Aliinuka, akasema asante kwa kiti, akatoka.

Jioni alimngojea nyumbani kwa Mama Jackie. Alijua Jacklyne atapita hapo, kwani hupita kila Ijumaa na shopping. Mama alikuwa anachambua mboga za terere, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Jacklyne aliingia, akamwona, akaweka mifuko chini pole sana.

"Mzee wa watu amewekwa vyuma mkononi," Perez alianza. "Ungemuua. Ungeniua mimi. Nilikuuliza, Jackie. Nilikuuliza na ukaapa."

"Perez, nisikize."

"Nakusikiza."

"Mbuthia alimdunga mwenyewe. Mimi nilishika kichwa tu. Alisema Sahara akifika ametulia, Nthoki hatakuwa na maneno, hela inaingia, tunamaliza. Alisema itamfikisha Gilgil bila shida."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungekataa kumbeba! Nakujua. Ungesimama pale getini na maswali yako, nami ningefutwa." Jacklyne alianza kulia. "Wewe una lori. Leo ukikosa farasi, kesho utabeba sofa za watu. Mimi nina ile ofisi tu. Nikitoka pale nitaenda wapi na umri huu?"

"Na ya kwamba napenda kukimbiza gari?"

Jacklyne alifuta macho kwa kiganja. "Ningesema nini? Alikuwa amesimama hapo."

Mama Jackie aliendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha. Kisha akasema, "Perez, kaa."

Perez akakaa.

"Jackie amekosa. Simtetei. Lakini jambo limeshapita, na mnyama hakufa, na Patrobas atapona. Nilikulea. Sijawahi kukudai kitu. Leo nakuomba hili moja. Nyamaza, lipite."

"Mama, kuna mtoto. Kidonda cha yule farasi kikipona, watamweka msichana wa miaka minane juu yake wakidhani ni mpole."

"Mtoto wa matajiri ana watu wa kumwangalia." Mama alivua miwani, akaishika mkononi. "Mimi nina Jackie peke yake."

Hakulisema kwa ubaya. Lilimtoka tu, kama mtu anavyosema jua limetua. Perez alilitazama lile sinia la terere, akaitazama meza aliyokuwa akifanyia hesabu za shule, na kitanda kilichoonekana kupitia pazia. Ya Jacklyne yalikuwa yamemchoma. Haya yalimmaliza. Akainuka, akaaga kama anavyoaga mgeni, akaenda kwake.

Siku mbili hakutoka. Siku ya tatu alimtembelea Patrobas huko Ziwani, amelazwa kwenye kochi, mkono umeinuliwa juu ya mto. Alimweleza yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Ukisema, utapoteza hao watu wawili," akasema.

"Nimeshawapoteza, mzee."

"La. Sasa hivi wao ndio wamekupoteza wewe. Ukisema, ndipo na wewe utakuwa umewapoteza. Ujue hivyo kabla hujapiga simu."

Perez aliijua tofauti hiyo. Alikaa nayo kwenye kabini ya lori kwa muda, vioo vimefungwa. Akamfikiria yule msichana ambaye hakuwahi kumwona, miguu yake mifupi isiyofika popote kwenye mbavu za farasi yule mwekundu. Kisha akapiga.

Nthoki alimpokea kwa baridi. "Mbuthia alinionya utapiga na hadithi."

"Mama, sikuombi uniamini. Wala sitaki unirudishie kazi. Muulize daktari Mbithi alichokiona shingoni. Na kabla ya kumpandisha mtoto, mtu mzima anayejua farasi ampande kwanza, bila sindano, siku yenye upepo. Basi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo."

Zilipita wiki kadhaa. Perez alibeba matofali, akabeba viti vya kanisa, akabeba ng'ombe mmoja wa mahari hadi Kangundo. Kisha simu ya Nthoki ikaja, naye sasa sauti imebadilika. Daktari alikuwa amethibitisha ile alama ya sindano. Mguu ulipopona, Nthoki alimleta mpanda farasi hodari wa huko Gilgil amjaribu Sahara. Mfuko wa plastiki ulipeperuka uani, na yule bwana akarushwa juu ya ua, akavunjika mfupa wa bega. "Binti yangu alikuwa amesimama kando na kofia yake mkononi," Nthoki alisema.

Aliandika yote kwenye lile kundi la wenye farasi, kwa jina lake. Watu waliuliza maswali. Mbuthia akajibu kwa haraka, na jibu lake lilikuwa fupi: hakujua lolote kuhusu sindano, kama ilidungwa, ilidungwa na mfanyakazi wake wa ofisini kwa nia zake mwenyewe, na mfanyakazi huyo ameshaachishwa kazi.

Perez alisoma ujumbe huo ameegesha kando ya barabara. Alijikuta anasema kwa sauti, "Alishika kichwa tu." Hata wakati huo, moyo wake ulikimbilia kumtetea Jacklyne. Aliandika hivyo kwenye kundi, kwamba aliyedunga ni Mbuthia mwenyewe. Wengine waliamini, wengine hawakujali. Mbuthia aliendelea na shule yake. Kazi za Perez zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine, na waliomnyamazia wakamwita tena "Perez wetu" kana kwamba hapakuwa na kitu. Aliwabebea. Ila sasa kabla ya kufungua mlango wa lori, humfikia farasi mwenyewe, akainua mdomo wa chini kwa kidole, akapapasa shingo yote kwa kiganja, na mwenye farasi akisema "hajapewa kitu," humjibu "sawa" huku akiendelea kupapasa.

Jacklyne hakupata kazi nyingine Nairobi. Mtaani ikasemwa kwamba Perez alimchoma dada yake kwa ajili ya kazi ya matajiri. Mama Jackie hakulisema hilo mwenyewe, lakini hakumkanya mtu aliyelisema. Perez alimsalimia sokoni mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mama alichagua nyanya. Mara ya tatu alisema, bila kuinua macho, "Nilikuomba kitu kimoja tu."

Mwezi wa nne mwaka huu Perez aliamka akakuta lori la mtu mwingine limeegeshwa mbele ya mlango wa Mama Jackie. Lake lilikuwa palepale, hatua chache tu, tupu, limeoshwa. Vitu vilikuwa vinatolewa: godoro, kabati la vyombo, jiko la gesi. Wanahamia Webuye, jirani akamnong'oneza, Jacklyne atafungua duka la vifaa vya shule kwa binamu yake Wesonga.

Perez alivaa viatu akatoka. Vijana wa mzigo walikuwa wanahangaika na kabati mlangoni, wakiligeuza visivyo, na kioo chake kinataka kupasuka. Akashika upande mmoja. "Lilazeni. Mgongo uwe chini." Waliligeuza, likapita. Jacklyne alikuwa amesimama kando na sufuria mikononi. Macho yao yalikutana.

"Asante," alisema Jacklyne.

"Lifungeni kamba mbili," Perez aliwaambia vijana. "Barabara ya Webuye ina matuta."

Mama alikuwa ameshapanda kabini, amekaa wima, mkoba mapajani, miwani imekaa sawasawa usoni. Perez alifika hadi dirishani. "Safari njema, Mama." Yule mama alitazama mbele kwenye kioo. Mkono wake ukaushika mkoba kwa nguvu zaidi, lakini hakugeuka. Dereva akawasha gari. Perez alisogea nyuma kuwapisha, akasimama pale mpaka wakapinda kuelekea Jogoo Road.

Simu ilikuwa inaita mfukoni. Alikuwa Patrobas, amengoja stejini, kituo cha magari, tangu alfajiri, mkono wake mmoja haunyooki tena vizuri na siku hizi anakaa mbele kabini. Akauliza kama wanaenda Nanyuki au hawaendi, maana farasi wa watu wameshalishwa na wanangoja.

"Tunaenda," Perez alisema. "Nakuja." Akaenda kutafuta funguo.